Debe la Moraa na Ndege wa Mwezi wa Kumi

Nyinyi vijana mkiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, nami nikiwajibu kwamba niliajiriwa kutazama ndege, mnaangaliana halafu mnacheka. Chekeni tu. Hata mama yangu kule Maragoli alicheka, kisha akalia, akidhani nimekuwa mvivu na natafuta pa kujificha. Kijana anatoka nyumbani na blanketi begani, anakwenda Kericho kwenye majani chai, watu wanangoja arudi na habari za jembe na nyapara mkali. Yeye anarudi na habari za bata!

Lakini ilikuwa kazi, tena kazi yenye ufundi. Sijapata nyingine niliyoipenda vile, na nimefanya nyingi.

Shamba letu lilikuwa upande wa juu, ukielekea Kimulot, mahali msitu wa Mau unapokuja karibu mpaka unausikia ukidondosha maji usiku. Ilikuwa ile miaka ya thelathini, chai yenyewe bado changa, vilima vingine vikiwa na visiki. Mto ulikuwa umezibwa ukawa bwawa refu lenye kona katikati, na maji yake ndiyo yaliyozungusha mitambo ya kiwanda. Chini ya ile kona, ukingo mmoja ulijitokeza majini, mwamba na nyasi fupi, na kwenye ncha yake mti mkavu mmoja. Sisi tulipaita Pua. Hapo ndipo palikuwa ofisi yangu, kama mnataka kujua.

Aliyeniajiri alikuwa fundi mkuu wa mitambo. Jina lake lilitushinda wote kulitamka, tukamwita Bwana Darubini, kwa sababu hata akitengeneza injini darubini ilikuwa inaning'inia shingoni. Hakuwa Mwingereza. Alitoka kaskazini kabisa, nchi ambako alisema bahari huganda mpaka mtu anatembea juu yake. Tulimwitikia kwa heshima, tukaenda kucheka nyuma ya kiwanda. Baba yake alikuwa mtu wa kuongoza meli kuingia bandarini, na nyumba yao ilikuwa kwenye rasi, yaani nchi kavu iliyochomoza baharini kama ile Pua yetu. Ndiyo maana aliipenda. Pua akaiita rasi, na pale tulipofungia mtumbwi wetu wa kung'olea magugu akapaita bandari. Mimi sikuwa nimeona bahari wala bandari, nikakubali. Miaka mingi baadaye nilipofika Mombasa nilisimama kando ya maji nikacheka peke yangu, watu wakanipisha.

Basi kazi yenyewe. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa ukiisha, ndege wa Ulaya wanakuja. Kule kwao baridi inaanza, majani yanapukutika, wadudu wanakufa, nao wanafunga safari. Mbayuwayu wanajaa juu ya chai jioni. Korongo weupe wanashuka vilimani kutafuta panzi. Kuna vile vindege vya miguu mirefu vinavyotikisa mkia matopeni, huwezi kuvimaliza kuvitazama. Kazi yangu ilikuwa kuamka kabla ya king'ora, kukaa Pua, nijue nani amefika, ili Bwana akitoka kiwandani nimwonyeshe bila kupoteza wakati.

Mwaka wangu wa kwanza nilimkimbilia mpaka kwenye mitambo, nikamwambia korongo wameshuka juu ya kilima, wanne, wakubwa ajabu. Akaacha kazi. Tukatambaa ndani ya chai iliyolowa, tumbo chini, umande unaingia mpaka kwenye suruali, mimi mbele kwa fahari. Tulipokaribia, upepo ukavuma, korongo wote wanne wakapunga mikono. Zilikuwa shati za karani, ameanika kwenye kichaka. Nilijua nimefukuzwa kazi. Bwana Darubini akalala chali kwenye matope akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku ile, karani akipita na shati nyeupe, Bwana alikuwa anamwamkia kwa heshima kubwa kuliko meneja.

Aliyenifundisha kazi hasa ni arap Tuwei. Huyu alikuwa Mkipsigis, mtu mzima, ameruhusiwa kulisha ng'ombe wake kando ya bwawa, naye alikuwa akimsindikiza Bwana kabla yangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ninyi mnaotaka kuona ndege, mnakwenda mnatafuta ndege. Arap Tuwei alinikataza. "Zakaria, tazama bata," aliniambia. "Bata akilaza kichwa, jicho moja linatazama juu, kuna mtu huko juu anakuja. Wewe macho yako ya nini? Tumia ya bata." Na kweli, mpaka leo nikiona kuku wa hapa nyumbani amelaza kichwa, natoka nje haraka.

Jingine alilonifundisha ni kutembea na ng'ombe. Ndege anakimbia mtu, ng'ombe hamkimbii. Kwa hiyo arap Tuwei alikuwa anawaswaga ng'ombe wake polepole kuelekea majini, huku akiwaimbia kila mmoja kwa jina lake, nasi tumejikunja katikati yao. Bwana Darubini, mtu mrefu vile, alikuwa anajificha nyuma ya ng'ombe mmoja mwekundu, na mkia unampiga usoni. Tuliweza kufika karibu na bata mpaka unaona tone la maji mdomoni mwake.

Kitu kimoja tu kiliwakosanisha wale wawili, nacho ni kigong'ota. Kwa desturi ya arap Tuwei, mkiwa njiani na kigong'ota akigonga mti upande wa kulia, safari ni njema. Akigonga kushoto, mnarudi. Hakuna mjadala. Mara ya kwanza Bwana alipiga kelele, uso ukawa mwekundu, akasema yeye ataendelea. Arap Tuwei akageuza ng'ombe, na bila ng'ombe ndege wakamwona Bwana toka mbali wakaondoka wote. Baadaye walielewana. Kigong'ota akigonga vibaya, tunarudi sote mpaka mlangoni kwa Bwana, tunasalimiana "Chamgei" kama watu ambao hawajaonana, tunaanza safari upya. Bwana akawa anaamka mapema zaidi ili kigong'ota apate nafasi yake.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya niwaite hapa.

Ukaja mwaka ambao macho ya Bwana Darubini yalianza kuingia ukungu. Alificha, lakini mtu anayekupa darubini akisema "tazama wewe kwanza" kila saa, unamwelewa. Daktari akamwambia mambo hayo hayana njia ya kurudi nyuma. Akamwandikia meneja kwamba mwaka ukiisha anakwenda kwao kwa dada yake. Akaanza kufunga masanduku.

Jioni moja tukiwa Pua akaniambia, kwa ile lugha yake, "Zakaria, mimi naona ndege mingi hapa. Moja tu hapana ona." Akanieleza. Ni ndege mkubwa, mvuvi. Mgongo rangi ya kahawa, tumbo jeupe, na mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Anaanguka majini miguu mbele na anatoka na samaki. Alipokuwa mtoto, kila mwaka majani yakipukutika, baba yake alimpeleka kwenye ncha ya ile rasi kumwangalia ndege huyo akiondoka kwenda kusini. Mtoto akamuuliza baba, anakwenda wapi? Baba akasema sijui, hakuna mtu wa kwetu amefika huko. Kisha baba akafa baharini, na mtoto akakua akaja huku kusini, na kwa miaka kumi na kitu alikuwa anangoja kwenye Pua yetu. Na ndege haji.

"Mimi nataka ona yeye moja tu," akasema. "Halafu macho nakwisha, si kitu."

Jamani! Mimi baba yangu alikuwa hai, analima, ananigombeza. Nilimtazama yule mzee mwenye mafuta ya injini kwenye kucha, nikaona uchungu kwelikweli. Nikamwambia Bwana, mwaka huu atakuja. Sijui nilitoa wapi mdomo huo.

Mwezi wa kumi ukaingia. Nikakaa Pua asubuhi mpaka macho yananiuma. Arap Tuwei naye akatazama. Bata hawakulaza kichwa. Wiki zikapita, lori la kuchukua masanduku mpaka stesheni ya Lumbwa likapangiwa siku. Nilianza kumkwepa Bwana, ninapita nyuma ya ghala la kuni.

Siku moja mchana mvua ya mawe ikanishika karibu na upande wa juu wa bwawa, ile mvua yetu ya Kericho inayochana majani ya chai yakawa kama sukumawiki. Nikakimbilia kibanda cha Moraa.

Moraa alikuwa mjane kutoka Kisii, na kazi yake ilikuwa debe. Meneja alikuwa ameweka samaki wa Ulaya bwawani ili wageni wake waje kuwavua kwa fimbo na kofia zao, na hakutaka ndege wawale. Basi Moraa aliajiriwa kupiga debe. Kukipambazuka anaanza, gba-gba-gba, huku akitembea ukingoni, na mnandi na mdiria wote wanahama. Mwanamke huyo alijua kazi! Sijawahi kumwona ameketi mchana. Debe lake lilisikika mpaka ofisini, na likinyamaza, meneja anamtuma nyapara mbio kuona kuna nini. Aliyekuwa kabla yake alifukuzwa kwa kulala tu kidogo. Moraa alikuwa na watoto watatu, na debe lile ndilo lililowalisha.

Akanipa hindi la kuchoma, tukakaa tunasikiliza mawe yakipiga mabati. Akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia habari ya Bwana, na baba yake, na ndege.

"Ndege gani?"

"Mgongo wa kahawa, tumbo jeupe..."

"Na kitambaa cheusi machoni kama mwizi?"

Hindi likanitoka mkononi. "Moraa! Umemwona wapi?"

"Kumwona? Huyo tunajuana! Kila mwaka mwezi huu anakuja alfajiri, anataka samaki wa meneja. Namtimua mpaka anapita juu ya msitu huko. Jana nimemfukuza, leo nimemfukuza. Mkaidi huyo, wee!" Akasema kwa majivuno, akingoja nimsifu.

Nilicheka, halafu nikataka kulia, halafu nikacheka tena. Miaka yote ile sisi tumelala Pua chini ya kona, tunasikia gba-gba-gba huko juu kila asubuhi, tumeizoea kama sauti ya kiwanda. Hakuna aliyejiuliza debe linamfukuza nani. Shamba moja, bwawa moja, huyu analipwa amwone na huyu analipwa asionekane.

Nikamwomba aache debe asubuhi moja tu.

"Na nyapara akija?"

"Tutamwambia..."

"Mtamwambia nini? Bwana wako anapanda meli. Mimi nabaki na meneja. Watoto wangu nitawapikia ndege wa kutazama?" Akachukua debe lake, maana mvua ilikuwa imepungua. "Nenda, Zakaria. Namhurumia mzee, lakini nenda."

Na alikuwa na haki. Nilirudi nimeinamisha kichwa.

Kesho yake jioni akaja mwenyewe mpaka Pua, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kufika. Arap Tuwei alikuwa anarudisha ng'ombe. Moraa akasimama akamwangalia anavyowazunguka, fimbo huku, sauti huku, na ng'ombe wanashika njia ya zizini wenyewe.

"Mzee," akamuuliza arap Tuwei, "ng'ombe unawafukuza au unawapeleka?"

"Ukisimama mahali pazuri, ni kitu kimoja," arap Tuwei akajibu.

Moraa akanigeukia. "Unasikia? Mimi meneja aliniambia fukuza. Hakuniambia fukuzia wapi. Siku zote nasimama chini, kule kwenye kona, naye anapanda juu ya msitu. Nikisimama juu, kule mto unakoingilia, atakuja kwenu. Debe halinyamazi, na mimi kazi yangu nimefanya." Akajipangusa mikono. "Lakini ninyi mjifiche vizuri. Akiwaona akaondoka, msije kunilaumu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini mjane wa watu, nikamshika mkono tu kwa mikono miwili. Arap Tuwei akasema "Kongoi," yaani asante kwa lugha yao, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Msidhani ilikuwa rahisi. Asubuhi ya kwanza ndege alikuja, Moraa akapiga, naye akakata kona akavuka kilima cha upande wa pili, mimi peke yangu nikaona ncha ya bawa. Bwana hakuona kitu. Asubuhi nyingine ukungu ulilala juu ya maji mpaka jua likawa juu. Moraa akaacha kuniuliza habari, anabadilisha tu mahali pa kusimama, anapima upepo kwa kurusha majani. Alikuwa amemkasirikia yule ndege sasa, kibinafsi kabisa.

Ikafika asubuhi ya lori. Masanduku yako barazani. Tukatoka gizagiza, Bwana, arap Tuwei, mimi na ng'ombe, na hatujafika hata kwenye chai, kigong'ota huyo. Ko-ko-ko. Kushoto.

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, mzee huyu anaondoka leo, arap Tuwei, nakuomba. Lakini Bwana Darubini ndiye aliyegeuka wa kwanza. Tukarudi mpaka mlangoni kwake, kati ya masanduku, tukashikana mikono. "Chamgei," akasema. Tukaanza upya. Na kigong'ota hakugonga tena popote.

Tulifika Pua kumekucha. Kule juu Moraa alikuwa ameanza, gba-gba-gba, lakini taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto atembee. Ng'ombe wakasambaa kwenye nyasi. Bwana akajikunja nyuma ya yule mwekundu, darubini machoni, anaipeleka huku na huku. Mimi nikatazama bata.

Bata akalaza kichwa.

"Bwana," nikamnong'oneza, "usimtafute juu. Weka darubini chini. Tazama maji, hapo mbele ya mti."

Aliitii sauti yangu. Ndege akaja kutoka kwenye kona, mabawa marefu, akasimama hewani akipiga mabawa, debe nyuma yake, ng'ombe mbele yake. Kisha akajiachia. Maji yaliruka mpaka mgongoni kwa ng'ombe mwekundu! Akatoka na samaki wa meneja, mkubwa, akajikung'uta hewani kama mbwa aliyetoka mtoni, akamgeuza samaki kichwa kitazame mbele, na badala ya kwenda zake akatua kwenye ule mti mkavu. Karibu sana, hata mtu mwenye ukungu machoni angemwona. Bwana akasimama wima. Akasahau kujificha. Ndege akamtazama mara moja, akainama akaanza kula.

"Yeye nakaa?" Bwana akaniuliza.

"Amekaa, Bwana. Anakula."

"Baba yangu na mimi naona yeye kwenda. Kwenda, kwenda, kila mwaka." Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye ndevu na hakuyafuta. "Kukaa, hapana ona."

Mimi nililia, sioni haya kuwaambia. Arap Tuwei alitazama upande, akawa anamkuna ng'ombe wake shingoni.

Moraa alikuwa amemfuata ndege kwa ukingo wa ng'ambo mpaka akafika mkabala nasi, debe kwapani, anahema. Sauti inavuka maji vizuri asubuhi. "Zakaria! Mzee amemwona?"

"Amemwona!"

"Basi nimwondoe? Anamaliza samaki huyo!"

Nikamtazama Bwana. Akatikisa kichwa. "Wacha yeye kula," akasema.

Nikamrudishia Moraa maneno hayo. Akasimama kidogo akatazama upande wa ofisi. Kisha akaligeuza debe juu chini, akaliweka kwenye nyasi, akaketi juu yake.

Bwawa likanyamaza. Sikuwa najua kama lina ukimya vile. Tulimsikia ndege akirarua, na mbayuwayu wakipita, na baada ya muda tukasikia viatu. Nyapara alikuwa anakuja mbio kwa njia ya ng'ambo, rungu mkononi, pumzi juu.

"Wewe Moraa! Mbona kimya? Umeketi?"

Moraa hakuinuka, hata hakugeuka.

"Punguza sauti," akamwambia. "Kuna mgeni anakula."

Nyapara akafuata macho yake mpaka kwenye mti mkavu, akamwona, akatuona na sisi. Akashusha rungu, akasimama hapo nyuma ya Moraa, akangoja mgeni amalize.